Michorotaarifa katika Ufundishaji wa Masomo ya Msingi: Nafasi ya Kiswahili katika Shule za Mwambao wa Mtwara na Mlango wa Mto Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya michorotaarifa, yaani michoro inayounganisha picha, tarakimu na maneno ili kueleza jambo moja, katika kufundishia Hisabati, Sayansi na jiografia. Mifano imechukuliwa kutoka mwambao wa Mtwara na mlango wa mto Ruvuma. Hoja kuu ni kwamba mchoro haujielezi wenyewe. Ni matini yenye kanuni zake za kusomwa, na aghalabu kinachomwezesha au kumkwamisha mwanafunzi ni lugha iliyofungamana nayo. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba usomaji wa michorotaarifa ufundishwe kama stadi ya lugha, na kwamba mchoro uliozoeleka kwa Kiswahili katika shule ya msingi usitupwe mwanafunzi anapovuka kwenda sekondari.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu zana za kufundishia hudhaniwa mara nyingi kwamba mchoro ni njia ya mkato. Vitabu vikiwa haba, madarasa yakifurika au lugha ya kufundishia isipoeleweka vyema, hutarajiwa kwamba mchoro utaziba pengo. Dhana hiyo ndiyo inayofanya kuta za shule nyingi za Tanzania zipambwe kwa ramani ya Afrika, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula na jedwali la kuzidisha. Hata hivyo, mchoro unaoonekana kila siku si lazima uwe mchoro unaosomwa.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ilhali Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya kufundishia katika sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985, lakini serikali haikulikubali pendekezo hilo. Matokeo yake ni kwamba maarifa aliyoyapata mtoto kwa lugha moja humlazimu kuyatafuta upya kwa lugha nyingine. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, mchorotaarifa unaweza kuwa daraja katika kivuko hicho, na kwa masharti gani?

2.0 Dhana na Istilahi

Kiswahili cha shuleni kina maneno kadhaa yanayokaribiana: picha, mchoro, kielelezo, chati, jedwali, grafu na ramani. Kila moja lina mipaka yake. Jedwali hupanga data katika safu na mistari. Grafu huonyesha uhusiano wa idadi. Ramani huonyesha mahali. Katika somo la Hisabati la shule ya msingi yamekuwapo pia maneno takwimu kwa picha, grafu ya mistari na grafu ya duara. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja kwa ujumla wake kazi inayochanganya aina hizo ili kueleza jambo moja kwa mtazamo mmoja.

Kwa kazi hiyo makala haya yanatumia neno mchorotaarifa, wingi michorotaarifa. Neno hili limeundwa kwa kuambatanisha nomino mbili, utaratibu uleule uliotupatia maneno kama garimoshi na askarikanzu. Lina faida ya kubeba upatanisho wa ngeli ya m-/mi- bila taabu, na lina uwazi wa maana ambao neno la kukopa lisingekuwa nao kwa mwalimu wa darasa la nne.

3.0 Msingi wa Kinadharia

Michoro ya takwimu ina historia ndefu. William Playfair alichapisha grafu za biashara ya Uingereza mwaka 1786. Hatua iliyo muhimu zaidi kwa ualimu ni ile ya Otto Neurath, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya jamii na uchumi mjini Vienna mwaka 1925 na kubuni, pamoja na wenzake, utaratibu wa alama uliokuja kuitwa Isotype. Kanuni yake ya kwanza ni nyepesi: idadi kubwa ionyeshwe kwa alama nyingi zaidi, wala si kwa alama kubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 Marie Neurath aliupeleka utaratibu huo Nigeria ya Magharibi, na huko ikadhihirika kwamba alama zilizozoeleka Ulaya zilihitaji kuchorwa upya kulingana na nyumba, mavazi na mazao ya wenyeji.

Upande wa pili kuna utafiti wa William Hudson, uliochapishwa mwaka 1960, kuhusu namna watu mbalimbali wa Afrika Kusini walivyosoma michoro ya mwindaji, swala na tembo. Wapo waliouchukua kuwa ushahidi kwamba Waafrika wasiosoma hawaoni kina katika picha. Wakosoaji wa baadaye walionyesha kwamba michoro yenyewe ilikuwa imepunguziwa viashiria ambavyo jicho huvitumia kupima umbali. Funzo linalobaki ni kwamba kusoma mchoro ni kusoma makubaliano. Kitu kilichochorwa kidogo kiko mbali. Mstari wa vitone ni kitu kisichoonekana. Ardhi iliyokatwa kama mkate inaonyesha kilicho chini. Makubaliano hayo hayazaliwi na mtu bali hufundishwa, na chombo cha kuyafundishia ni lugha.

4.0 Mazingira ya Mtwara

Mtwara ni mkoa wa mwisho kusini katika mwambao wa Tanzania, na mto Ruvuma, unaomimina maji yake katika Bahari ya Hindi, ndio mpaka na Msumbiji. Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Kwa upande wa lugha, Kiswahili hukutana na Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Mtoto wa Msimbati au Mikindani hukua akisikia msamiati wa bahari; mtoto wa nyanda za juu za Newala na Tandahimba huujua zaidi msamiati wa mikorosho, mihogo na shida ya maji.

Mkoa huu hauanzi patupu katika jambo la michoro. Mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi kuanzia 1988, ulitumia sana mbinu shirikishi katika miaka ya 1990. Katika mbinu hizo wanakijiji huchora wenyewe ramani ya kijiji chini, hupanga kalenda ya misimu na hulinganisha matatizo yao kwa kuhesabu punje au vijiti. Hiyo ni michorotaarifa kamili: ina alama, idadi, mahali na wakati. La kuzingatiwa ni kwamba mchoro hujengwa huku watu wakibishana kwa maneno. Anayeweka kisima mahali pasipo pake husahihishwa hapohapo. Shuleni, kinyume chake, mchoro mara nyingi huja ukiwa umekamilika, na kazi ya mwanafunzi huwa ni kuunakili.

5.0 Mifano ya Ufundishaji

5.1 Maji ya Bahari: Sayansi na Hisabati

Mwambao wa Mtwara hujua kupwa na kujaa kwa maji kabla ya shule. Inajulikana kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na kwamba katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Ndio wakati wanawake huteremka pwani kutafuta pweza na chaza.

Maarifa haya yanaweza kuchorwa katika duara moja lenye siku za mwezi mwandamo, sura ya mwezi ikiwa upande wa nje na kimo cha maji upande wa ndani. Kisha huingia hesabu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Baada ya siku saba ucheleweshaji ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Kwa hiyo maji yaliyojaa saa kumi alfajiri siku ya bamvua yatajaa karibu na saa nne kasoro dakika kumi asubuhi wiki moja baadaye. Mwanafunzi hugundua kwa hesabu yake mwenyewe kwa nini saa ileile ya asubuhi iliyokuwa ya kwenda pwani wiki iliyopita sasa ni saa ya maji kujaa.

Hapa hujitokeza pia tatizo la tafsiri lisiloonekana. Jedwali la maji la bandarini huandika 0400 mahali ambapo mvuvi husema saa kumi. Mchoro usiotaja ni saa ipi inayohesabiwa humpotosha msomaji kwa saa sita nzima. Kuweka duara mbili za saa sambamba, ya Kiswahili na ya kimataifa, ni somo la Hisabati na la lugha kwa pamoja.

5.2 Mikoko: Sayansi na Jiografia

Mlango wa Ruvuma una misitu ya mikoko. Katika matumizi ya kawaida neno mikoko hutaja jamii nzima ya miti hiyo, lakini Kiswahili cha pwani hutofautisha aina kwa majina: mlilana (Sonneratia alba), mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata), msinzi (Bruguiera gymnorrhiza), mkandaa (Ceriops tagal), mchu (Avicennia marina) na mkomafi (Xylocarpus granatum). Majina haya yamebeba elimu ya mazingira. Kwa kawaida mlilana husimama upande wa bahari. Mkoko hufuata penye tope laini, ukijishikiza kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mkandaa hupatikana juu zaidi. Mchu huvumilia chumvi na huonekana hata ukingoni mwa nchi kavu.

Mchoro wa mkato kutoka baharini hadi nchi kavu, wenye mistari miwili ya kimo cha maji, ule wa bamvua na ule wa maji mafu, huonyesha mara moja kwa nini kila mti uko ulipo. Ukiwa na jina moja tu kwa miti yote, mchoro huohuo hauna la kufundisha, kwa kuwa tofauti iliyo kiini cha somo imefutwa. Huu ni ushahidi wa wazi kwamba ubora wa mchorotaarifa hautegemei mkono wa mchoraji pekee, bali pia utajiri wa istilahi alizonazo.

5.3 Bei ya Korosho: Hisabati

Korosho ni zao kuu la biashara la Mtwara, na tangu msimu wa 2007/2008 limekuwa likiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mazao yake kupitia chama cha msingi na bei huamuliwa mnadani. Bei ya mnada na fedha inayomfikia mkulima si kitu kimoja, kwa kuwa kati yake kuna makato. Ichukuliwe, kwa mfano wa darasani tu, kwamba kilo imeuzwa shilingi 2,000 na makato ni shilingi 250. Makato ni sehemu moja ya nane. Katika grafu ya duara yatachukua nyuzi 45, na zitakazobaki kwa mkulima ni nyuzi 315. Mwanafunzi aliyejifunza hesabu hii anaweza kukaa na mzazi wake akaisoma stakabadhi halisi.

Kanuni ya Neurath nayo hupata maana katika zao hili. Mwalimu akitaka kuonyesha kwamba mavuno yameongezeka maradufu, akachora gunia lenye urefu mara mbili na upana mara mbili, eneo la mchoro huwa mara nne, na jicho likilichukua gunia kuwa kitu chenye ujazo huliona mara nane. Kuchora magunia mawili yaliyo sawa ndiko kusema kweli. Kosa la gunia kubwa ni la kawaida hata katika mabango ya kibiashara, na kulitambua ni sehemu ya elimu ya raia.

6.0 Sarufi ya Mchorotaarifa

Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni kwamba alama za mchoro zina sarufi inayodai kutafsiriwa kwa vitenzi. Mfano ulio bora ni mshale. Katika mchoro wa mlolongo wa chakula mshale hutoka kwa kinacholiwa kwenda kwa mlaji: mwani, kisha kamba, kisha changu. Mwanafunzi anayeusoma mshale kwa kauli ya kutenda husema "mwani hula kamba", akageuza mlolongo wote. Kauli ya kutendwa, "huliwa na", hulingana na mwelekeo wa mshale neno kwa neno. Mwalimu akiandika "huliwa na" juu ya kila mshale katika masomo ya mwanzo, kosa huzuiwa kwenye chanzo chake.

Vivyo hivyo kwa nyakati na hali. Kiambishi hu- hueleza jambo la kawaida lisilofungwa na wakati, na ndicho kinachofaa kwa duara la maji au kalenda ya kusi na kaskazi. Kiambishi -ki- huunganisha sharti na tokeo: mwezi ukiandama, maji hujaa sana. Katika ufunguo wa ramani, mofimu za mahali hutofautisha panapovuliwa, yaani mahali mahususi palipowekewa alama, kunakovuliwa, yaani eneo lisilo na mpaka dhahiri, na mnamovuliwa, yaani ndani ya ghuba au mkondo. Tofauti hizo, ambazo lugha nyingi huzieleza kwa maneno mengi, Kiswahili huzibeba kwa silabi moja. Ni rasilimali ambayo watunzi wa vitabu vya kiada hawajaitumia ipasavyo.

7.0 Yanayoonyeshwa na Yanayoachwa

Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Uamuzi wa kujenga bomba la kuisafirisha hadi Dar es Salaam ulizua upinzani mkubwa Mtwara mwaka 2013. Mwezi Mei mwaka huo zilitokea ghasia na watu wakapoteza maisha. Bomba hilo, lenye urefu unaozidi kilomita 500, lilizinduliwa Oktoba 2015, na gesi husafishwa Madimba kabla ya kusafirishwa.

Haidaiwi hapa kwamba mgogoro huo ulitokana na michoro. Lakini mchoro wa njia ya gesi, kutoka kisimani hadi Madimba na kwenda kaskazini, ni mfano mwafaka wa kumfundisha mwanafunzi kuuliza maswali. Mishale yake huonyesha mwendo wa gesi. Haionyeshi mwendo wa mapato, wala umeme unaobaki mkoani, wala kodi inayoingia halmashauri. Hayo yanahitaji michoro mingine na takwimu nyingine. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "mchoro huu umeacha nini?" hatadanganywa kwa urahisi na mchoro wa serikali, wa kampuni, wala wa mwanasiasa anayepinga vyote viwili. Hivyo basi usomaji wa michorotaarifa si pambo la mtaala.

8.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba istilahi za mahali zitamfungia mtoto katika kijiji chake na kumtenga na mtihani wa taifa. Pingamizi hili lina nguvu pale jina la mahali linapochukua nafasi ya istilahi sanifu. Lakini bamvua, mchu na mkandaa ni maneno ya Kiswahili chenyewe, si ya kando yake. Zaidi ya hayo, kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, imekwisha kuonyesha kwamba lugha hii ina uwezo wa kubeba sayansi.

Pingamizi la pili ni la kinyume: kwamba msamiati wa pwani ni mgeni kwa mtoto wa Newala. Hilo ni kweli, nalo linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Mtoto huyo aanzie kalenda ya mvua na korosho, ndipo apelekwe kwenye maji ya bahari. Kinachopaswa kuwa kimoja kwa wote ni kanuni za kusoma, si picha ya kuanzia.

Pingamizi la tatu ni gharama na msongamano. Karatasi ya manila haionekani na aliyeketi nyuma katika darasa kubwa. Hata hivyo viroba vilivyoshonwa pamoja, ukuta wa nje na uwanja wenyewe wa shule hutosha kwa mchoro unaoonekana na wote. Na mchoro uliojengwa na wanafunzi chini ya mti kwa vijiti na kokoto una faida ya kujengwa kwa mazungumzo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mchorotaarifa ni matini, na kwamba nguvu yake katika kufundishia hutoka katika ulinganifu wa alama na lugha. Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kusoma na kutunga michorotaarifa kuingizwe katika somo la Kiswahili, sambamba na ufahamu na utungaji, ili walimu wa Hisabati na Sayansi wasiachiwe kazi hiyo peke yao. Pili, vyuo vya ualimu, vikiwemo vile vya Mtwara, viwafunze walimu kuandika kitenzi cha kila mshale na ufunguo wa kila alama kabla ya kupamba kwa rangi. Tatu, maadamu Kiingereza kinaendelea kuwa lugha ya kufundishia sekondari, mwanafunzi wa kidato cha kwanza apewe mchoro uleule aliouelewa katika shule ya msingi, maneno yake ya Kiswahili yakibaki mahali pake na ya Kiingereza yakiongezwa kando. Kwa njia hiyo atakachojifunza upya ni jina, wala si jambo lenyewe. Uchunguzi zaidi unahitajika kuhusu namna wanafunzi wa lugha za kwanza tofauti wanavyousoma mshale na mchoro wa mkato, na mwambao wa kusini, wenye lugha nyingi na mazingira tele, ni uwanja unaofaa kwa uchunguzi huo.